Kamba ya Kuhesabu Kinga

Kama unatafuta mutu wa kukusifia Ingénieur Félicien, pita, nenda uulize kwa mwingine. Miye ninaitwa Denise, ninauza chai na mikate ya kukaanga hapa Bunia, kando ya muto Nyamukau, karibu na kilalo ya mbao yenye watu wanavuka kuenda soko, na mambo ile yote ilipita mbele ya macho yangu, mafuta ikichemka. Nilikasirika siku ile, na mpaka leo nikikumbuka ninakasirika tena. Lakini mutu wa kusifu iko. Ni Papa Mbusa.

Mbusa Josaphat alitoka Butembo akiwa kijana, na kinga moja, ni kusema baiskeli, nyeusi ya Wachina, akaingia kazi ya kumba-kumba. Kumba-kumba ni ule mutu anapakia kinga yake mpaka kinga yenyewe haionekani tena, halafu anaisukuma kwa miguu mpaka Ariwara, anarudi na sabuni na sukari. Watu wa mbali wanafikiri anapandaka juu. Atapanda fasi gani, na mizigo imeshika mpaka kiti? Mbusa alisukuma miaka mingi, mukono moja ku gido ya kugeuzia, mwingine ku fimbo ya nyuma, mpaka mabega yake ikabaki moja juu, moja chini. Ukimuona kwa mbali unafikiri anataka kukuuliza kitu. Wala haulizi kitu, anapita tu.

Bibi yake anaitwa Kaswera. Anauza samaki ya chumvi, na mu soko hakuna mutu hamujui: harufu inafika kwanza, kelele inafuata, halafu Kaswera mwenyewe. Mbusa, yeye, maneno yake ni kidogo sana. Nafikiri siku ya ndoa waligawa maneno, Kaswera akachukua yote, akamuachia bwana yake "ndiyo" na "tuende".

Wakati wa vita walikuwa wanatoka Nizi. Siku ile hawakuwa na mizigo, basi Mbusa alikuwa amepanda kinga, Kaswera nyuma yake, wanateremuka, Kaswera anaimba. Ku muteremuko kulikuwa kamba imelala mu vumbi. Mbusa hakuiona, akapita juu yake. Mutu alikuwa mu majani. Akapiga risasi moja, hata hakutoka kuangalia imeingia wapi. Iliingia mu kiuno ya Kaswera. Tangu hapo miguu yake haimubebi tena, na tangu hapo Mbusa aliacha njia ya Ariwara. Muzigo yake ilibaki moja tu. Kila asubuhi anamukalisha Kaswera nyuma ku kinga, anafunga beseni ya samaki mbele, anasukuma pole pole, wanavuka kilalo, anamushusha ku meza yake mu soko. Jioni anarudi kumuchukua. Yeye mwenyewe hakupanda tena kinga hata siku moja.

Nyiye mulioko mbali munapashwa kuelewa jambo ya kamba. Kwetu Ituri, kamba ikilala ku barabara, iko na mwenyewe, mutu wa bunduki anayelipisha njia. Unashuka. Unatoa kofia. Unangojea waite. Na kama hauoni mutu, njo mubaya zaidi, sababu yeye anakuona weye. Hapo unasalimia majani, "Jambo, wakubwa," unaweka kitu kidogo chini, muhindi ama sigara, unabeba kinga ku bega, unavuka bila kugusa. Pasta wetu mwenyewe, mutu wa kuhubiri kwamba hatuogopi kitu chini ya jua, nilimuona akisalimia majani.

Basi vita ikaisha. Ninasema ikaisha kwa heshima tu. Ilikuwa ile amani ya Bunia ya miaka ile: mutu anajenga nyumba ya matofali, lakini sanduku ya nguo anaiacha karibu na mulango. Walinda amani wanapita na magari yao meupe, motari, wale wa pikipiki, wanapita katikati yao wakipiga honi, na kila mwezi projet mupya inashuka ku uwanja wa ndege. Kulikuwa projet ya choo, projet ya kunawa mikono, projet ya kusameheana. Halafu ikakuja projet ya kuhesabu kinga.

Ingénieur Félicien alikuja kutufundisha pale pale ku kilalo, na viatu vyeupe, mu tope ya Nyamukau. Alikuwa ametoka Kinshasa, Swahili yake ilikuwa inachechemea, lakini sauti ilikuwa ya mutu ameshakula vizuri.

"Bandeko," akasema, "muji wa kisasa inahesabu kinga zake. Ku Ulaya iko mashini inahesabu, muchana na usiku, haichoki, haiombi sigara. Sasa hata Bunia iko na mashini. Kilalo yenu imeoza. Mashini ikisema kinga ni mingi hapa, tutajenga kilalo ya chuma. Ikisema ni kidogo, tutatoa hizi mbao, sababu ni hatari, na wenye kinga watazunguka kwa barabara kubwa."

Barabara kubwa! Unaijua ile mulima? Malori inateremuka pale bila breki, motari wanapanda wakishindana. Kumba-kumba kijana anaweza kujaribu. Lakini mutu wa mabega ya Mbusa, na bibi nyuma asiyeweza hata kuruka chini gari ikikuja? Siye wote tukamuangalia Mbusa. Na yeye, mutu wa maneno kidogo, akainua mukono.

"Na bibi yangu?" akauliza.

"Bibi yako ni kinga?" Ingénieur akauliza.

"Hapana."

"Basi hayuko mu statistique, mu hesabu yetu."

Watu wa mairie, wale wa ofisi ya muji waliokuja naye, wakacheka. Miye nikageuza mikate yangu kwa nguvu mpaka mafuta ikaruka.

Sasa ona ujinga ya wasomi. Alitusifia mashini kama mutu anasifia muchumba, lakini hakutuambia inafanana nini. Siye tukafikiri itakuwa kitu ya macho, sawa kamera. Jumapili, watu wote wako mu misa, watu wa projet wakakuja kuifunga. Jumatatu asubuhi, ungeona Bunia! Wenye kinga wameosha kinga kwa sabuni. Muzee moja wa makaa alivaa koti ya ndoa yake juu ya vumbi ya makaa. Motari moja aliniuliza kama kinga ya kuazima inahesabiwa pia. Kila mutu anafika karibu na kilalo, anainua kidevu, anatafuta kamera mu miti, anatabasamu kwa majani.

Halafu wanashusha macho. Na chini, ku barabara, mbele ya kilalo, kamba nyeusi imelala, inatoka upande huu mpaka upande ule.

Papa Mbusa njo alikuwa wa mbele. Alisimama kabisa.  Kando ya kamba kulikuwa kisanduku kidogo cha chuma kimefungwa ku muti, na karibu ya kisanduku alikuwa amekaa Fabrice, zamu wa projet, mulinzi wa mashini, mu koti kubwa ya mvua, jua ikiwaka. Mbusa akatoa kofia. "Jambo, mukubwa," akasema. Fabrice, mutu asiyeitwa mukubwa hata na mbuzi ya nyumba yake, akaitikia kwa kichwa tu. Mbusa akamubeba Kaswera akamukalisha kando. Akabeba kinga, akaivusha juu ya kamba bila kuigusa. Akarudi kwa beseni. Akarudi kwa Kaswera, akamubeba mikononi, akainua muguu juu sana kuvuka, sawa mutu anavuka nyoka. Mbele ya kuenda akaweka samaki moja chini.

Na wote wa nyuma yake wakafanya vile vile. Mutu wa makaa na koti yake ya ndoa akashusha magunia, akavusha, akapakia tena. Mutu wa ndizi. Mutu wa mitungi ya pombe. Hakuna mutu aliuliza kitu. Tulijua tu: projet imekuja, basi barrière, kizuizi ya kulipisha watu, nayo imekuja. Mu kisanduku tulifikiri wanaweka vitu walivyokamata.

Fabrice angeweza kusema. Alikuwa anajua kamba ni ya nini! Lakini kufika saa ya chai alikuwa na samaki, ndizi, mahindi, sigara, na nusu ya muwa, na kila mutu anamuita mukubwa. Ungesema weye? Siku ya pili alikuja na kikapu.

Kitu moja tu kilikuwa kinapita juu ya ile kamba bila woga: jeep ya Ingénieur. Asubuhi inakuja kuangalia kisanduku, inapita, inageuka. Muchana inapeleka Ingénieur kula, inamurudisha. Jioni inapita tena. Jumamosi na Jumapili jeep inalala.

Majuma ikapita namna ile. Halafu mairie wakafanya mukutano, wakaniita niwalete chai na mikate. Niliingia na birika, nikakuta ku ukuta picha kubwa yenye mistari ya bluu, na Ingénieur anaionyesha kwa fimbo.

"Matokeo ni ya ajabu," anasema. "Kinga ya Bunia ni kidogo kuliko tulivyofikiri. Inapita asubuhi biro za kazi zikifunguka. Inapita saa ya kula. Inapita jioni biro zikifunga. Siku za mapumuziko, zero. Inaonekana kwamba hapa wenye kupanda kinga ni wafanyakazi wa serikali."

Wakubwa wakaandika ile. Moja akatikisa kichwa, akasema ni jambo ya kufurahisha kwa taifa.

Mungu wangu. Nilisimama na birika, chai inamwagika mu sahani ya mutu wa mairie. Wafanyakazi wa serikali! Ile mistari ilikuwa jeep! Nikasema kwa nguvu, sikuomba hata ruhusa: "Ingénieur, ile ni gari yako! Watu wanabeba kinga ku bega, wanavuka!"

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alitabasamu tu. "Mama Denise, mashini haihesabu kinga ya ku bega. Inahesabu gurudumu ikikanyaga ule mupira mweusi munaita kamba."

"Basi waambie watu wakanyage!"

"Hapana, hapana!" Akashituka sawa nimemuambia aibe. "Tukiwaambia, tutaharibu statistique. Mutu anapashwa kupita kwa mapenzi yake. Kesho ni siku ya mwisho, Ijumaa, siku ya soko. Kesho kinga ikipita, itaonekana. Isipopita, tutatoa mbao."

Niliacha birika pale pale. Nilikimbia na kitambaa ya jikoni ku bega mpaka kwa Mbusa. Nilimukuta mu kiwanja anapaka mafuta ku muyororo wa kinga, Kaswera kando yake anageuza samaki ku jua. Nikawaambia yote: kamba haina mwenyewe, ni mupira bure, inapashwa kukanyagwa, na yeye njo anatangulia kila asubuhi, akikanyaga watu wote watafuata.

Mbusa akapangusa mikono. Akapangusa muda murefu.

"Mama Denise," akasema, "miye nilishapita juu ya kamba."

"Ile ilikuwa vita, Papa!"

"Ile siku pia walikuwa wanasema ni amani."

Nilimutukana. Nilimuambia kama hataki kupita, basi abebe Kaswera ku mugongo mu barabara kubwa, lori iwapige wote wawili, watu wa mairie wakuje na maua. Nilisema maneno mingi mubaya, na sikuwa na haya, sababu nilikuwa na uchungu. Yeye akainama tu ku muyororo wake. Na Kaswera, mama wa kelele, hakusema hata neno moja. Njo kitu iliniogopesha zaidi.

Asubuhi ya Ijumaa walifika. Soko kubwa, watu wamejaa, foleni ya kinga imefika mpaka ku duka ya dawa. Mbusa akasimama mbele ya kamba. Akatoa kofia. Akageuka kumushusha Kaswera.

"Sishuki," Kaswera akasema.

"Kaswera."

"Nimesema sishuki! Miye si gunia ya muhogo, kila siku juu, chini, juu, chini! Sukuma."

 Mbusa akamushika kiuno, Kaswera akashika kiti ya kinga na mikono miwili, akakaza. Beseni ikatikisika.

"Mbusa, unisikilize," akasema, na sasa sauti yake ilikuwa chini, siye tulioko karibu tu tulisikia. "Ile risasi ilinipiga miye. Haikukupiga weye. Miaka yote hii unaibeba, na haikuwa yako. Miye mwenye risasi ninasema: sukuma."

Mbusa alilia. Sitaficha, alilia mbele ya soko nzima, mutu mukubwa vile, mabega yake moja juu, moja chini. Halafu akafunga macho, akasukuma. Gurudumu ya mbele ikapanda mupira, ikashuka. Ya nyuma ikapanda, na Kaswera juu yake, ikashuka. Akabaki amesimama macho imefungwa. Alikuwa anangojea.

Mbuzi ikalia mahali. Fabrice alikuwa na mukate mu kinywa, hakumeza.

"Fungua macho, muzee," Kaswera akasema. "Hakuna kitu." Halafu ile kelele yake yote ikarudi mara moja: "Sasa tugeuke, tupite tena!"

Walipita tena. Wakapita mara ingine. Halafu mutu wa makaa akapita, akaruka chini akacheka, akarudi. Mutu wa ndizi akapita. Motari wakapita na hawakuwa na kazi pale. Pasta akapita kwa miguu, akaruka juu ya mupira na viatu viwili pamoja, kama alikuwa anaponda kichwa ya shetani. Ile siku Bunia nzima ilipita juu ya ile kamba, inaenda, inarudi, samaki na ndizi na magunia, na Kaswera nyuma ku kinga anapiga vigelegele mpaka sauti ikakatika. Fabrice peke yake njo alikuwa na huzuni. Hakupata hata muhindi.

Tukarudi nyumbani tukiwa tumeshinda. Ndivyo tulifikiri.

Juma iliyofuata Ingénieur alikuja ku kilalo na karatasi na watu wa kutoa mbao. Akasoma. Siku zote, kinga kidogo. Siku ya mwisho, mashini ilikuwa imesema kinga mingi sana, mingi kuliko muji yoyote ya ukubwa wa Bunia inaweza kuwa nayo. "Kwa hiyo," akasema, "ile siku mashini ilikuwa imeharibika. Tumeifuta." Zile siku za jeep, mashini ilikuwa muzima. Ile siku moja ya watu, ilikuwa mugonjwa. Sikia basi!

Hakupoteza wakati. Akachukua ruban ya plastiki, nyekundu na nyeupe, akaifunga mbele ya kilalo, muti mpaka muti, kifuani pa mutu. Akamusimamisha Fabrice kando yake. "Kilalo imefungwa," akasema, na watu wake wakashika nyundo.

Wenye kinga wakafika, wakaona ruban. Wakashuka. Wakatoa kofia. Moja baada ya mwingine, miye ninaangalia, moyo unavunjika. Muhindi ya kwanza ilikuwa imeshawekwa chini, karibu na kiatu ya Fabrice.

Halafu nikasikia Kaswera. Nikamusikia kwa mbali, anaimba, na ile kuimba ilikuwa inakuja mbio kuliko siku zote. Nikasimama juu ya kiti yangu. Papa Mbusa alikuwa amepanda. Alikuwa amekaa ku kiti ya kinga, miguu ku pedali, kofia ku kichwa, anateremuka, Kaswera nyuma amemukumbatia kiuno. Watu wakaruka pembeni. Fabrice akainua mukono, akaona ile uso inayokuja, akaushusha. Mbusa aliingia mu ruban na kifua. Ikavutika, ikavutika, ikang'oka ku muti, ikamufuata nyuma juu ya kilalo sawa pambo la harusi, na Kaswera akaishika asiiache ipotee.

Hakutoa kofia. Hakusalimia mutu.

Wenye kinga walitazamana. Halafu wakapanda, wakamufuata. Watu wa nyundo walikuwa wanangojea dakika yenye hakuna mutu juu ya mbao, waanze kung'oa. Waliingojea mpaka jioni. Wakanywa chai yangu, wakala mikate yangu, wakarudi kesho, wakangojea tena. Halafu projet ikaisha, Ingénieur akapanda ndege, na hakuna mutu alikumbuka kung'oa kitu.

Kilalo iko. Mbao ikioza, siye wenyewe tunabadilisha. Ile ruban Kaswera aliikata vipande, anafungia samaki ya wakiriya wake wazuri, wale wanamununulia kila siku.

Mwaka uliopita kijana moja wa projet ingine alikuja, na shati safi, na ripoti ya Ingénieur Félicien mukononi. Alisimama katikati ya njia, mbele kabisa ya kilalo, anaangalia karatasi, anaangalia maji, anaangalia karatasi tena. Akaniuliza kwa heshima kama njo hapa kweli, sababu wameandika kwamba fasi hii hakuna kinga inapitaka.

"Njo hapa," nikamuambia. "Sasa toka mu njia, kijana, Kaswera anakuja."